Red Cloud: Mlakota aliyeliondoa jeshi la Marekani kwenye ngome tatu, kisha akaitwa msaliti

Mpekuzi wa Nyaraka (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kila uzi wa wenyeji wa Amerika humu jukwaani huishia kwa watu wawili, Sitting Bull na Crazy Horse. Ni haki yao, walikuwa wanaume kwelikweli. Lakini kuna mzee wa tatu ambaye akitajwa hutajwa harakaharaka, tena mara nyingi kwa dharau, na dharau hiyo inaniuma. Ni Mahpiya Luta wa Waoglala, ambaye vitabu vinamwita Red Cloud. Vita vya 1866 hadi 1868 vinabeba jina lake, na vilimalizika kwa serikali ya Marekani kuondoa majeshi, kuacha ngome tatu na kukubali mkataba ambao sharti lake kuu lilitoka kwa adui. Baada ya hapo mzee aliishi miaka 41 bila kuongoza tena vita dhidi ya Wazungu. Hiyo miaka 41 ndiyo iliyomponza.

Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kushika: miaka yote hiyo Red Cloud alikuwa bado vitani, silaha yake ikiwa ile karatasi ya 1868. Na karatasi hiyo ndiyo Walakota wanayoitumia mpaka leo kudai nchi yao.

Alizaliwa mwaka 1821 au karibu na hapo, mahali matawi mawili ya mto Platte yanapokutana, leo ni jimbo la Nebraska. Baba yake alikuwa wa Wabrulé, tawi jingine la Walakota, mama yake Moglala. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo, na pombe ya wafanyabiashara wa Kizungu inatajwa kuwa ndiyo iliyomuua. Red Cloud akalelewa kwa wajomba, chini ya mkubwa aliyeitwa Smoke. Kwa hiyo hakuwa na baba mwenye cheo wa kumbeba kwenye baraza la Waoglala. Jina alilipata kwa kupigana na Wapawnee na Wacrow, na alilipata mapema.

Ila lina doa. Mwaka 1841 watu wa Smoke na watu wa mkubwa mwingine, Bull Bear, waligombana hadi kuuana. Bull Bear alikufa pale, na simulizi nyingi zinasema risasi iliyommaliza ilikuwa ya Red Cloud. Waoglala waligawanyika kwa miaka mingi kwa sababu ya siku ile. Nimeanza na hili makusudi, msije mkadhani nimekuja kumpaka mafuta.

Binti wa Pwani

Nimeweka kiti. Ila kabla hujaendelea kaka, tufafanulie: Walakota, Wasioux, Waoglala, hawa ni watu tofauti au wamoja?

Mpekuzi wa Nyaraka

Dada, Wasioux ni jina walilopewa na wengine, linakusanya Wadakota, Wanakota na Walakota. Walakota ndio wa magharibi, watu wa farasi na nyati, na wana matawi saba. Waoglala ni tawi mojawapo. Sitting Bull alikuwa Mhunkpapa, tawi jingine. Crazy Horse alikuwa Moglala kama Red Cloud.

Na ushike hili maana litatusaidia mbele: hawakuwa na mfalme. Mkubwa alifuatwa na wanaotaka kumfuata, na asubuhi yoyote familia ingeweza kung'oa hema lake la ngozi ikahamia kwa mkubwa mwingine. Wamarekani hawakulipenda hilo. Walitaka mtu mmoja wa kuweka alama kwa niaba ya wote, na mara nyingi walimtengeneza wenyewe.

Sasa tuingie vitani.

Mapema miaka ya 1860 dhahabu ilionekana Montana. Njia fupi ya kuifikia, iliyoitwa Bozeman, ilikata katikati ya bonde la mto Powder, na bonde hilo ndilo lilikuwa ghala la nyati la Walakota wa kaskazini na rafiki zao Wacheyenne na Waarapaho. Juni 1866 serikali iliita wakubwa kwenye ngome yake ya Fort Laramie kuomba ruhusa ya njia. Mazungumzo yakiwa yanaendelea, akaingia Kanali Henry Carrington na kikosi chake, tayari ana amri ya kujenga ngome kwenye njia hiyohiyo ambayo ruhusa yake ilikuwa bado inaombwa! Red Cloud aliondoka kikaoni kwa hasira. Ukitaka kuelewa maisha yake yote yaliyofuata, anza na siku ile. Tangu hapo hakuamini neno la serikali mpaka alione kwa macho.

Carrington aliimarisha ngome moja, Reno, na akajenga mbili, Phil Kearny na C. F. Smith. Phil Kearny iliwekwa chini ya milima ya Bighorn, na miti ya kujengea na kuni vilitoka mbali kidogo na ukuta. Hapo ndipo waliposhikwa. Miezi yote iliyofuata kila msafara wa mbao ulishambuliwa, mifugo ikaporwa, askari wakawa hawatoki bila ulinzi.

Tarehe 21 Desemba 1866 msafara wa mbao ukashambuliwa tena. Kapteni William Fetterman akatoka kuuokoa. Vijana wachache wa Kilakota na wenzao wakajionyesha, wakakimbia, wakasimama, wakakimbia tena, na Fetterman akawafuata mpaka nyuma ya kilima, ambako ngome haionekani. Simulizi zinamtaja Crazy Horse kuwa mmoja wa waliomvuta. Kule nyuma mamia kwa mamia walikuwa wamelala kwenye nyasi. Watu 81, Fetterman akiwemo, walitoka na hakurudi hata mmoja. Jeshi la Marekani halikuwa limepigwa hivyo kwenye nyika zile, na halikupigwa zaidi ya hapo mpaka ofisa wao George Custer alipouawa na kikosi chake Little Bighorn miaka 10 baadaye.

Mjumbe aliyepeleka habari, John Phillips, alifika Fort Laramie usiku wa Krismasi katikati ya theluji, na maofisa walikuwa kwenye dansi.

Mkuki Mrefu

Nondo nzito mkuu, nakupa heshima yako. Lakini acha nikukate hapo. Mtego ule ulipangwa na wengi, Waminiconjou, tawi jingine la Walakota, walikuwepo, Wacheyenne walikuwepo. Kwa nini vita viitwe vya Red Cloud? Si umesema mwenyewe hawakuwa na mfalme?

Halafu la pili. Serikali haikuondoka kwa sababu ya kumwogopa. Ilikuwa inajenga reli kusini. Reli ikikamilika, nani atapita Bozeman kwa magari ya ng'ombe? Walifunga duka ambalo lilikuwa halina faida.

Mpekuzi wa Nyaraka

Mkuu Mkuki, hoja zote mbili ni za msingi, sizikwepi.

La kwanza nakubali kabisa. Ushindi dhidi ya Fetterman ni wa mataifa matatu, na kazi ya Red Cloud ilikuwa ya aina nyingine. Alishika kamba. Kuwaweka pamoja watu ambao hawana desturi ya kutii mtu mmoja, msimu baada ya msimu, wakati nyati wanahama na watoto wanahitaji nyama ya kiangazi na ya baridi, ni jambo gumu kuliko kupanga mtego wa asubuhi moja. Na alishika kamba hata mambo yalipowaendea vibaya. Agosti 1867, karibu na Phil Kearny, askari wachache waliojificha nyuma ya masanduku ya magari walitumia bunduki mpya zinazopakiwa risasi kwa nyuma, zinazofyatua haraka, wakawarudisha wapiganaji wengi mno. Siku moja kabla lilitokea kama hilo karibu na C. F. Smith. Watu wengine wangesambaa. Hawa walibaki.

La pili ni kweli nusu. Reli ilikutana Utah tarehe 10 Mei 1869, na kila mtu Washington alijua inakuja. Tena jeshi lilikuwa limepunguzwa baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na vita vya nyikani vilikuwa vinakula fedha. Yote hayo yalisaidia. Lakini angalia utaratibu wa tarehe, maana hapo ndipo ukubwa wa mzee ulipo.

Wajumbe wa serikali walifungua mkataba Fort Laramie Aprili 1868. Wakubwa wengi wakaweka alama zao. Red Cloud hakwenda. Alipeleka ujumbe kwamba akiona askari wameondoka na ngome zimeachwa, ndipo atashuka. Kiangazi kile askari wakaondoka, na ngome zikateketezwa kwa moto nyuma yao. Bado hakushuka! Alikwenda kwanza kuwinda nyati, akatafuta nyama ya baridi. Alifika Fort Laramie Novemba, na tarehe 6 ndipo alipoweka alama yake. Kumbukumbu za siku ile zinasema alijipaka vumbi la sakafu mikononi kabla ya kushika kalamu, na alisema wazi kwamba hana mpango wa kuwa mkulima, akaomba baruti na risasi za kuwindia.

Serikali ingeweza kufunga duka lake kimya kimya, mkuu, kama unavyosema. Alichofanya Red Cloud ni kuhakikisha kufunga huko kunaandikwa na kuwekwa muhuri.

Wakili wa Kata

Mleta uzi, hapo kwenye kuandikwa ndipo nilipokuwa nakusubiri. Mkataba wenyewe ulisema nini? Watu wengi wanautaja bila kuusoma.

Mpekuzi wa Nyaraka

Msomi, karibu sana. Nina vifungu vitatu vya kukuonyesha, vingine ni vya shule na majembe.

Kifungu cha 2 kiliwatengea Wasioux nchi yote ambayo leo ni nusu ya magharibi ya South Dakota, kuanzia mto Missouri, kwa matumizi yao peke yao bila kusumbuliwa. Ndani yake ipo Paha Sapa, milima ambayo Wamarekani wanaiita Black Hills na ambayo kwa Walakota ni mahali patakatifu.

Kifungu cha 16 kilisema bonde la mto Powder ni nchi ambayo wenyeji hawajaikabidhi kwa mtu, na Mzungu hana ruhusa kuishi wala kupita bila idhini yao. Hiki ndicho walichokuwa wanakipigania.

Kifungu cha 12 ndicho cha dhahabu. Kinasema ardhi hiyo haiwezi kutolewa kwa mkataba wowote mwingine usio na sahihi za robo tatu ya wanaume wote wazima. Kishike hicho.

Sasa ubaya. Red Cloud hakujua kusoma, na alichosomewa na wakalimani hakikuwa chote. Mkataba uliweka pia mambo ya kuwahamishia Wasioux karibu na mto Missouri, mbali na nchi ya Waoglala. Mwaka 1870 alikwenda Washington kumwona Rais Ulysses Grant. Wenyeji wake walimpeleka kuona viwanda vya silaha, mzinga mkubwa ukafyatuliwa mbele yake ili aelewe anashindana na nani. Alielewa, hakuwa mtoto. Lakini aliposomewa mkataba wote kule, alisema mbele ya waziri kwamba maneno hayo anayasikia kwa mara ya kwanza. Baadhi ya wenzake walikata tamaa kiasi cha kutaka kujiua kuliko kurudi na habari hiyo nyumbani.

Angefanya nini? Angerudi kimya, au angerudi kuanzisha vita baada ya kuona mzinga ule. Yeye alipanda treni akaenda New York, na tarehe 16 Juni 1870 akasimama kwenye ukumbi wa Cooper Union mbele ya umati, akaeleza kwa mkalimani jinsi watu wake walivyodanganywa, kwamba hawaombi utajiri, wanataka amani na kulea watoto wao. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Magazeti yakaandika. Serikali ikalegeza, ikakubali kituo chake cha mgao wa chakula wa serikali kikae magharibi, mbali na Missouri. Mtu asiyejua herufi moja aligundua ndani ya wiki chache kwamba Mmarekani anaogopa magazeti yake mwenyewe.

Na alilitumia tena. Mwaka 1874 profesa Othniel Charles Marsh wa Chuo Kikuu cha Yale alifika kuchimba visukuku vya wanyama wa kale. Red Cloud alimwonyesha unga mbovu, nyama isiyofaa na kahawa mbaya ambayo wakala wa serikali alikuwa anawagawia, akamwomba apeleke sampuli kwa Rais. Marsh alizipeleka kweli. Kashfa ikawaka mwaka 1875, na waziri mhusika, Columbus Delano, akajiuzulu mwaka huohuo. Urafiki wao ulidumu. Mwaka 1883 mzee alikwenda kumtembelea profesa nyumbani kwake New Haven.

Mkuki Mrefu

Mkuu, unaandika vizuri, lakini unarukaruka pale panapouma. 1876 Sitting Bull yuko porini, Crazy Horse yuko porini, Custer anauawa Little Bighorn tarehe 25 Juni. Red Cloud yuko wapi? Kituoni, anakula mgao. Baadaye mwaka huohuo anaweka alama kwenye karatasi ya kutoa Paha Sapa. Na uzeeni serikali inamjengea nyumba ya ghorofa moja yenye bendera ya Marekani. Mimi naita usaliti. Niambie wewe unaitaje.

Mpekuzi wa Nyaraka

Sikuruka mkuu, nilikuwa nafika. Tuchukue moja moja.

Kwanza Paha Sapa. Mwaka 1874 Custer aliingia milimani na msafara mkubwa, dhahabu ikatangazwa, wachimbaji wakamiminika. Mkataba uliitaka serikali iwafukuze. Badala yake mwaka 1875 ilileta tume ya kununua. Walitoa dola milioni 6 kwa kununua, au 400,000 kwa mwaka kwa kukodi. Red Cloud aliwaambia wanunuzi wafikirie kuwalisha watu wake kwa vizazi saba. Wengine wanacheka bei hiyo. Mimi naona ndiye aliyekuwa na hesabu sahihi kikaoni pale, maana alishaona nyati wanaisha na alijua kitakachofuata. Tume ikaondoka mikono mitupu.

Pili, 1876. Ni kweli alibaki. Mwanawe Jack alikwenda vitani, yeye hakwenda. Alikuwa ameona Washington, alikuwa na maelfu ya watu kituoni, wengi wao wanawake na watoto, na aliamini vita hiyo itashinda siku moja na kushindwa mwaka mzima. Ikawa hivyo. Baada ya Little Bighorn majeshi yaliwasaka wote, Sitting Bull akavuka kwenda Kanada, na Mei 1877 Crazy Horse akajisalimisha. Na kubaki kituoni hakukumwokoa: Oktoba 1876 askari wa Jenerali Crook walizingira kambi yake, wakachukua farasi wapatao 700 na bunduki, na Crook akamvua ukubwa akautoa kwa Spotted Tail, mkubwa wa Wabrulé. Mtu ambaye hakupigana! Fidia ya farasi wale aliidai kwa miaka.

Tatu, sahihi ya 1876. Bunge lilikuwa limekwisha kuamua kwamba hakuna tena fedha ya chakula mpaka milima itolewe. Nyati hakuna, na baridi inakuja. Aliweka alama, na wakubwa wenzake waliweka. Sitaki kuisafisha alama ile. Ila rudi kwenye kifungu cha 12: robo tatu ya wanaume wazima. Karatasi ya 1876 ilipata takriban asilimia 10. Kwa mkataba wao wenyewe haikuwa halali, na Bunge likaipitisha kuwa sheria tarehe 28 Februari 1877 likijua hivyo.

Nyumba ya ghorofa ipo, bendera ipo. Ndani ya nyumba hiyo aliishi mtu ambaye wakala wa serikali huko Pine Ridge, kituo cha Waoglala, Valentine McGillycuddy, alipambana naye miaka saba akijaribu kumwangusha, kwa sababu kila alichopanga wakala, mzee alikiandikia barua Washington kwa mkono wa rafiki. Mwaka 1889 Crook alirudi, sasa na karatasi ya kuivunja hifadhi kubwa, yaani nchi iliyobaki kwa Wasioux, vipandevipande na kuuza karibu nusu yake. Red Cloud alikataa kuiweka alama, na Waoglala wengi wa Pine Ridge walikataa pamoja naye. Robo tatu ikapatikana kwenye vituo vingine. Muda mfupi baadaye mgao wa nyama ukapunguzwa, watu wakaanza kufa njaa.

Binti wa Pwani

Kaka, na Wounded Knee? Ile si ilitokea hapohapo Pine Ridge? Na nilisoma mahali kwamba yeye ndiye aliyewaita Wakatoliki wajenge shule, na sisi sote tumesikia shule zile zilifanya nini kwa watoto.

Mpekuzi wa Nyaraka

Ilitokea hapo dada, tarehe 29 Desemba 1890. Ngoma ya mizimu ilikuwa imeenea, watu wenye njaa wakicheza ili wafu na nyati warudi. Sitting Bull alikuwa ameuawa wiki mbili kabla, wakati polisi wa Kilakota waliotumwa na serikali wakimkamata. Spotted Elk, ambaye wengi wanamjua kama Big Foot, alikuwa njiani kuja Pine Ridge na watu wake wapatao 350, yeye mwenyewe anaumwa mapafu. Alikuwa anakuja kwa sababu Red Cloud na wakubwa wengine walimwita aje kusuluhisha, kwa ahadi ya farasi 100. Askari wa kikosi cha saba cha farasi waliwazuia mtoni Wounded Knee, na asubuhi wakiwa wanawanyang'anya silaha risasi zikaanza. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 250 na 300, wengi wanawake na watoto. Askari wapatao 20 wakapewa nishani ya juu kabisa ya taifa kwa kazi ile. Nikifika hapa huwa nafunga kitabu kwanza.

Red Cloud alikuwa karibu na miaka 70, macho yanaisha. Kambi yake ilipokimbia kwa hofu, vijana wenye hasira walimlazimisha kwenda nao, wakifyatua bunduki kandokando yake ili aharakishe. Baadaye akaweza kurudi. Pande zote mbili zilimwona mtu wa upande wa pili.

Kuhusu shule, ni kweli. Aliiomba serikali impe Wajesuiti, wale aliowaita kanzu nyeusi, na misheni ya Holy Rosary ikafunguliwa 1888. Alitaka watoto wajue kusoma ili asitokee tena mtu wa kusomewa nusu ya mkataba. Shule ilifundisha kusoma, na ikawakata watoto nywele na kuwakataza lugha yao. Leo inabeba jina lake, inafundisha Kilakota, na imeanza kuchunguza hadharani yaliyotendeka ndani ya kuta zake. Nadhani mzee aliona haja sahihi na akawaamini watu wasiostahili kuaminiwa kiasi kile. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Mkuki Mrefu

Sawa. Umenisogeza kidogo kwenye 1876, sikufichi. Lakini Crazy Horse je? Septemba 1877 kijana anauawa Fort Robinson kwa singe ya askari akiwa amekamatwa, na maneno yaliyomponza yalitoka kwenye kambi ya Red Cloud.

Mpekuzi wa Nyaraka

Hapo sina utetezi mkuu. Maofisa walikuwa wanampapatikia Crazy Horse, kulikuwa na mazungumzo ya kumfanya mkubwa wa Waoglala wote, na watu wa Red Cloud hawakulipenda hilo. Uvumi kwamba anapanga kumuua Crook ulipelekwa kwa jeshi na Waoglala wenzake. Wivu ulikuwepo. Aliyeshika singe alikuwa askari, aliyetoa amri ya kumkamata alikuwa jenerali, lakini mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Anayemchukia Red Cloud kwa tarehe 5 Septemba 1877 simwambii kitu.

Ninachokataa ni kuyapima maisha ya miaka 88 kwa tarehe moja.

Alifariki Pine Ridge tarehe 10 Desemba 1909, karibu kipofu, na amezikwa kwenye kilima juu ya misheni ileile. Mwaka 1987 posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 10 yenye sura yake, jambo ambalo binafsi halinisisimui. Kinachonisisimua ni kesi.

Wakili wa Kata

Ndiyo, tuletee kesi. Na utueleze kwa nini wamekataa fedha. Watu wa Pine Ridge ni miongoni mwa maskini kabisa Marekani, halafu wanaacha mabilioni benki? Wengi humu hawataelewa.

Mpekuzi wa Nyaraka

Kesi ilifunguliwa 1923, ikatupwa, ikarudi kwa njia nyingine, ikapita mikono ya mawakili wa vizazi viwili. Tarehe 30 Juni 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wanane kwa mmoja, ikasema Paha Sapa ilichukuliwa bila fidia ya haki na kwamba Walakota wanadai. Thamani ya 1877 ikakadiriwa dola milioni 17.1, na riba ya miaka mia moja na zaidi ikaifikisha kupita milioni 100. Walikataa. Fedha imekaa hazina ya serikali ikiongezeka, na imeshapita dola bilioni 1.

Kwa nini? Msomi, wewe utaliona haraka kuliko mimi. Ukipokea malipo, umeuza. Sahihi ya asilimia 10 ambayo haikutosha mwaka 1876 ingekamilishwa na hundi. Kifungu cha 12 kingekufa, na pamoja nacho mkataba wa 1868, ambao vijana walioshika Wounded Knee kwa siku 71 mwaka 1973 waliutaja kila siku, na ambao waliopinga bomba la mafuta Standing Rock mwaka 2016 waliutaja tena. Watu wanaolala kwenye nyumba zinazovuja wameulizwa mara nyingi kama wanataka mgao wao, na jibu limebaki kwamba Paha Sapa haiuzwi. Nikiona hivyo namwona mzee anayekataa kushuka Fort Laramie mpaka ngome ziungue.

Na wasiseme kurudisha haiwezekani kwa kuwa watu wameshajenga. Sehemu kubwa ya milima ile ni msitu wa serikali kuu, hauna mwenye nyumba wa kumhamisha. Katikati ya miaka ya 1980 Seneta Bill Bradley alipeleka muswada wa kurudisha ardhi hiyo ya serikali, ekari milioni 1.3, bila kugusa kiwanja cha mtu binafsi. Ukakwama bungeni.

Hapo ndipo ningependa Wakili utusaidie: mahakama ikishasema ardhi ilichukuliwa kinyume cha haki, ina nguvu gani ya kuamuru irudishwe yenyewe badala ya fedha? Wale walikuwa na uamuzi wa majaji wanane mkononi na bado waliambiwa njia iliyopo ni hundi tu.